Twende na Wakati, au Tushauriane?



Kuna mambo mawili ambayo watu wetu wa pwani hawapendi kuyasikia yakisemwa hadharani: deni la mtu na chumba cha mtu. Deni huwa siku moja likajulikana dukani. Ama khabari za chumba hubaki nyuma ya pazia, na Sharia yetu imelihifadhi pazia hilo, ikakataza mume na mke kutoa nje yaliyo baina yao. Sasa, mwezi wa Julai mwaka 1993, Redio Tanzania, kama ilivyoitwa zama zile, ililichukua jambo la nyuma ya pazia ikalipeleka hewani kwa lugha yetu wenyewe, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Mchezo ule uliitwa "Twende na Wakati", nao uliendelea kwa miaka mingi. Makusudio yake makubwa yalikuwa mawili: kuwafanya watu wakubali kupanga uzazi, na kuwaonya na ukimwi.

Ukiutaja mchezo huu barazani utasikia maneno mawili. Wa kwanza atakwambia: "Huu ni ufisadi uliopakwa asali." Wa pili atakwambia: "Huu ndio mwamko, na asiyeusikiliza amebaki nyuma." Mimi nakuomba, msomaji, tusimfuate huyu wala yule mpaka tuupime mchezo wenyewe: umesema nini, umesema kwa njia gani, na wapi umepatia na wapi umekosea. Kwani jambo linalohusu roho ya mama na afya ya mtoto si jambo la kutupiwa neno moja kisha mtu akainuka akenda zake.

NJIA WALIYOIFUATA

Kwanza yafaa ujue kwamba mchezo huu haukuzuka bure. Asili ya njia yake ni Mexico. Huko alitokea mtu wa televisheni aitwaye Miguel Sabido, ambaye aliona kuwa watu hawabadiliki kwa kuhutubiwa. Hubadilika kwa kumuona mtu mfano wao akiingia katika mtihani na akatoka. Mwaka 1977 akatoa mchezo uitwao "Acompáñame", uliohusu kupanga uzazi. Kutoka huko njia hiyo ikapelekwa India, ikaja Kenya, kisha Tanzania.

Katika njia hii watu wa mchezo ni namna tatu. Yuko mwema wa kuigwa. Yuko muovu wa kuogopwa. Na yuko wa katikati, mwenye kuyumba huku na huku, ambaye msikilizaji hujiona nafsi yake ndani yake. Muovu huachwa afanye atakavyo mpaka matendo yake yamrudie. Mwema hupata natija ya wema wake polepole. Na yule wa katikati hujifunza kwa makosa, na msikilizaji hujifunza pamoja naye.

Katika "Twende na Wakati" muovu ni Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu, mwenye wanawake njia nzima. Mkewe ni Tunu, ambaye mwanzo alikuwa mnyonge wa kustahamili kila jambo, kisha akasimama kwa miguu yake. Mkwaju mwisho wake aliugua ukimwi akafa. Na upande mwingine yuko Fundi Mitindo, mshona nguo, na mkewe Mama Waridi, ambao walitafuta ushauri wa kupanga uzazi na nyumba yao ikatengenea.

Watungaji walitaka pia kujua kama maneno yao yanafika. Kwa hiyo mkoa wa Dodoma ulinyimwa mchezo huu kwa makusudi kwa miaka miwili ya mwanzo, ukatangaziwa vipindi vingine, hata mwaka 1995, ili walioskia wapimwe na wasiosikia. Everett Rogers na wenzake, miongoni mwao Mtanzania Ramadhan Swalehe, walitoa matokeo mwaka 1999. Walieleza kuwa katika mikoa iliyosikia, kupanga uzazi kulizidi kuliko Dodoma. Na wakaeleza jambo jingine, nalo nakuomba ulitie akilini kwani tutalirudia: katika mikoa hiyo mume na mke walizidi kuzungumza wao kwa wao juu ya mambo ya uzazi.

Ukitazama nchi nzima, uchunguzi wa afya wa mwaka 1991 na 1992 ulionyesha kuwa katika wanawake walioolewa wa Tanzania bara na visiwani, waliotumia njia yoyote ya kupanga uzazi walikuwa kiasi cha 10 katika 100. Mwaka 1996 walifika kiasi cha 18 katika 100. Si insafu kusema yote hayo ni kazi ya mchezo mmoja, maana zahanati nazo zilikuwa zikiongezwa huduma. Lakini pia si insafu kusema kuwa mchezo ulipita kama upepo.

WALIPOPATIA

Tuanze na haki ya mtu kabla ya lawama yake.

Walipatia kwanza kwa kuchagua hadithi badala ya amri. Ndugu msomaji, tazama yaliyotokea India mwaka 1975 hadi 1977, wakati wa utawala wa hali ya hatari. Serikali iliweka hesabu: kila mkoa, kila afisa, kila mwalimu alete watu kadhaa wa kufungwa uzazi. Katika mwaka mmoja tu, 1976 hadi 1977, waliofungwa walikuwa zaidi ya milioni nane, na wengi wao walikuwa masikini waliotishwa au walionyimwa haki zao mpaka wakubali. Natija yake ilikuwa nini? Watu walikimbia vijiji wakalala mashambani, serikali ikaangushwa katika uchaguzi wa 1977, na neno lenyewe la kupanga uzazi likanuka kwa miaka mingi. Hapo ndipo utaona fadhila ya mchezo wa redio. Redio haimkamati mtu. Asiyetaka huizima.

Walipatia pili kwa kuingia mahali ambapo bwana mganga haingii. Mwanamke wa pwani ambaye haendi mikutano ya hadhara, na mumewe ambaye haendi zahanati za akina mama, wote wawili walisikia neno moja kwa saa moja katika nyumba moja. Na kwa kuwa lilisemwa na Tunu au Mama Waridi, mke aliweza kumwambia mumewe, "Umesikia aliyoyasema Mama Waridi?" bila ya kuonekana kuwa ametoka katika haya zake. Hii ni hikima kubwa. Wazee wetu waliijua kabla ya redio. Ndiyo maana bibi alipotaka kumuonya mjukuu hakumtaja jina, alimtolea ngano ya Sungura na Fisi.

Walipatia tatu kwa kumuonyesha mwanamme dhalimu kuwa ni dhalimu. Mara nyingi katika mambo haya lawama yote hutupiwa mwanamke: amezaa sana, hakuzaa, amezaa wasichana watupu. Mkwaju alipowekwa mbele ya watu na mwisho wake, wanaume walitazamishwa kioo.

WALIPOKOSEA

Ama makosa, la kwanza ni kutia vitu viwili katika chungu kimoja. Kupanga uzazi ni jambo la mume na mke wa halali. Ukimwi, kwa namna ulivyoelezwa katika mchezo, ulikuja kwa zinaa ya Mkwaju. Yote mawili yalipowekwa katika hadithi moja, msikilizaji wa haraka aliyatoa yamefungamana, akadhani kuwa kila anayetaja nafasi baina ya watoto anataja uasherati. Najua watungaji watajibu kuwa mume mzinifu huleta maradhi kitandani kwa mke asiye na hatia, na kwamba nyumba moja huweza kupatwa na misiba miwili. Jibu hilo ni kweli, na Tunu ni ushahidi wake. Lakini katika miji ambamo ndoa ina hishima yake, ilipasa mpaka baina ya vitu hivi uonekane wazi. Mume mwema aliyetaka kumpumzisha mkewe alistahiki kusikia hadithi yake mwenyewe isiyochanganyika na ya mlevi wa njiani.

Kosa la pili ni khatari ya njia yenyewe, nayo si ya Tanzania peke yake. Mtungaji huchagua nani awe mfano, lakini msikilizaji naye huchagua. Huko India, mwaka 1984 na 1985, televisheni ya serikali ilionyesha mchezo uitwao "Hum Log". Vipindi 13 vya mwanzo vilijaa mawaidha ya kupanga uzazi mpaka watazamaji wakachoka, ikabidi mawaidha yapunguzwe. Na ndani yake alikuwamo mama aitwaye Bhagwanti, mwenye kudhulumiwa na kunyamaza. Watungaji walimuweka awe onyo. Wanawake wengi walipoulizwa nani wangependa kumuiga, walimtaja huyo huyo Bhagwanti! Waliona subira yake wakaipenda, wala hawakuona dhulma aliyotendewa. Basi mwenye kutunga kwa ajili ya nyumba za watu asidhani kuwa amekwisha kazi kwa kuandika. Yataka awajue watu anaosema nao, na ajue wanachokihishimu.

Kosa la tatu liko katika jina. Twende na wakati! Ewe ndugu yangu, wakati ni imamu wa nani? Wakati umekuja na chanjo ya surua, na wakati huo huo umekuja na bangi na kamari. Muislamu haulizi kama jambo ni la kisasa au la kikale. Huuliza kama lina kheri au lina shari, kama ni halali au ni haramu. Mwenye kumwambia mzee wa kipwani "njoo twende na wakati" amemfungia mlango kabla ya kubisha hodi, maana masikioni mwa mzee huyo maana yake ni "acha uliyoachiwa na wazee wako". Na ajabu ni kuwa katika jambo hili wazee hawakuacha mikono mitupu.

WALIYOYASEMA MAULAMAA NA WAZEE

Wazee wetu walikuwa na neno "kubemenda". Waliamini kuwa mtoto anyonyaye hudhoofika wazazi wake wasipojizuia, na mama akishika mimba nyingine upesi. Sababu walizozitaja si zote zilizo sahihi, na mara nyingi mama peke yake ndiye aliyelaumiwa. Lakini makusudio yao yalikuwa kumpa mtoto haki yake ya ziwa na kumpa mama pumzi. Na Waarabu wa zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa na khofu mfano wa hiyo, wakiiita ghila. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume alikusudia kuikataza, kisha akawatazama Warumi na Wafursi wakifanya na watoto wao wasidhurike, akaacha kuikataza. Tazama, msomaji, Mtume alitazama hali za watu wa mataifa mengine kabla ya kutoa neno juu ya afya ya mtoto anyonyaye.

Ama azl, yaani mume kumwaga nje, Jabir bin Abdillahi (R.A.) amesimulia kuwa Masahaba waliifanya katika zama ambazo Qur'ani ilikuwa ikishuka, na khabari ikamfikia Mtume asiwakataze. Wako walioipinga. Imepokewa pia hadithi inayoifananisha na kuzika mtoto kwa siri, na Ibn Hazm akaishika hiyo akaiharamisha azl. Lakini maulamaa wengi wameijibu kwa hadithi nyengine, iliyomo kwa Abu Daud, ambamo Mtume aliwakanusha waliosema maneno mfano wa hayo. Na Imamu Ghazali, ambaye ni wa madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza katika Ihya Ulumiddin kuwa inajuzu. Akataja miongoni mwa sababu zinazokubalika kuhifadhi uhai wa mke na khatari za kuzaa, na kuogopa mashaka mengi kwa wingi wa watoto. Lakini akaikataa sababu moja: kuogopa kuzaa watoto wa kike. Lau watungaji wetu wa michezo wangeitafuta hazina hii, wangepata kitu cha kumwambia Muislamu asichoweza kukidharau.

Wengine husema: "Kila mtoto huja na rizki yake, na Mwenyezi Mungu amekataza kuua watoto kwa kuogopa umasikini." Ni kweli, na aya hiyo iko katika Suratul Israi, nayo ni onyo kubwa. Lakini inakataza kuua mtoto aliyekwisha kuwapo. Kumpa nafasi mtoto aliye ziwani ni jambo jengine. Na kumtegemea Mungu hakumuondolei mtu kumfunga ngamia wake. Mkulima hutawakali kwa Mola wake, na bado hapandi mahindi mawili katika shimo la mmoja.

Kwa sababu hii hii, inampasa mwenye kuhubiri kupanga uzazi asizitie njia zote katika kapu moja. Kuweka nafasi kwa khiari ya wawili ni jambo moja, na maulamaa wengi wameliruhusu. Sheikh Mahmud Shaltut wa Al-Azhar alilitolea fatwa katika miaka ya 1950. Kufunga uzazi moja kwa moja bila ya dharura ya afya ni jambo la pili, na wengi wao wamelikataza. Kutoa mimba ni jambo la tatu, lenye hukumu zake nzito. Matangazo yanayosema "uzazi wa mpango" kisha yakanyamaza humuacha Muislamu akihofia la tatu wakati yeye anahitaji la kwanza. Si ajabu basi akikataa yote.

JINA LILILO BORA

Sasa nakurejesha Kenya, miaka michache kabla ya mchezo wa Tanzania. Kenya ilikuwa na mpango wa serikali wa kupanga uzazi tangu mwaka 1967, lakini miaka kumi baadaye, uchunguzi wa 1977 na 1978 ulionyesha kuwa mwanamke mmoja huzaa kwa wastani kiasi cha watoto 8. Mpango ulikuwapo, masikio hayakuwapo. Mwaka 1987 ikatokea michezo miwili, mmoja wa redio na mmoja wa televisheni. Wa redio uliitwa "Ushikwapo Shikamana". Wa televisheni uliitwa "Tushauriane".

Tushauriane! Hili ndilo jina, ndugu msomaji. Ufungue msahafu Suratul Baqara aya ya 233. Utakuta Mwenyezi Mungu anataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza. Anamlazimisha baba chakula na nguo. Anakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba asidhuriwe. Kisha anasema kuwa wawili hao wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kwa kuridhiana na kushauriana, hapana dhambi juu yao. Fikiri vyema. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa tu kumetakiwa ridhaa ya wawili na mashauri yao, itakuwaje mimba, ambayo mzigo wake ni mkubwa zaidi na khatari yake ni ya roho? Mume anayesema "mimi ndiye mwenye neno" na asimuulize mkewe kama damu yake imerudi mwilini, ameshika nusu ya dini. Na mke anayemeza vidonge kwa siri, kwa kuwa mumewe haambiliki, ametiwa katika siri hiyo na nyumba isiyo na mashauri.

Elimu ya leo nayo imefika hapo hapo. Shirika la Afya Duniani, baada ya mkutano wa wataalamu wa mwaka 2005, lilishauri mama aliyejifungua salama angoje angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, kwa salama yake na ya mtoto. Miezi 24 ni miaka miwili. Hesabu hii haikutushukia pamoja na redio. Tulikuwa nayo katika msahafu tuliouweka rafu ya juu.

Ndipo sasa ukumbuke lile nililokuomba ulitie akilini. Faida ya "Twende na Wakati" ambayo mimi naihesabu kuwa kubwa kuliko zote si idadi ya vidonge vilivyotolewa. Ni wale waume na wake waliozungumza. Wenye michezo hii hupenda kutoa hesabu ya waliokwenda zahanati, kwani hesabu hiyo ndiyo inayopendwa na wafadhili. Nawausia waiweke ya pili. Ya kwanza iwe hii: nyumba ngapi, baada ya redio kuzimwa, watu wawili waliulizana, "Wewe unaonaje?"

Basi hukumu yangu juu ya mchezo huu ni kwamba ulikuwa na ulimi mzuri na njia nzuri, na uliokoa watu. Ulipungukiwa na kuwajua vyema baadhi ya watu wa mlangoni pake, na kwa hivyo ukawaachia wapinzani hoja ambayo wangeweza kunyimwa. Wenye kutunga michezo ya namna hii kwa watu wa pwani wawaendee mashekhe kabla ya kurikodi, si baada ya kulaumiwa. Mashekhe nao wasingoje kuulizwa. Darsa ya nikahi inayofundisha mahari na talaka ikaruka aya ya kunyonyesha ni darsa pungufu.

Na wewe msomaji, hukuhitaji mchezo wa mtu ili ufanye lililo mkononi mwako. Usiku wa leo, watoto wakisha kulala, mwulize mwenzako hali ya mwili wake na ya moyo wake, umsikilize mpaka amalize. Pazia litabaki pale pale, wala hapana atakayekusikieni isipokuwa Mola wenu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu, awape watoto wetu siha, na azijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za mashauri. Amin.

Wabillahi tawfiq.